Sala ya Sumaili

Sumaili alikuwa amekwisha kufa mwaka mzima, na mkewe bado alikuwa akimpakulia chakula. Kila jioni Amisa alipakua wali sahani tatu, yake, ya binti yake na ya mumewe, akaifunika ya tatu kwa kawa, na asubuhi kuku wakaila. Mtu akipiga hodi na kuuliza habari za mwenye nyumba, alijibiwa kwamba mwenye nyumba yuko safari. Jibu hilo halikumshangaza yeyote. Nusu ya wanaume wa Kasongo walikuwa safari miaka ile, na katika nusu hiyo wengi walikuwa wamekufa, na mji uliendelea kuwangoja kwa adabu.

Sumaili alizaliwa kwa Wabangubangu, upande wa Kabambare. Alikamatwa akiwa mtoto, akatahiriwa, akapewa jina, alipokuwa mkubwa akapewa bunduki, kisha mke, na mwisho akapewa uhuru. Aliyempa vyote hivyo, isipokuwa kuzaliwa, alikuwa Bwana Assumani, mfanyabiashara wa pembe, mwenye nyumba yenye baraza ndefu karibu na msikiti. Amisa naye alikuwa ameachwa huru na bwana huyo huyo, siku hiyo hiyo, kwa sala moja. Mtu aliyeachwa huru na bwana wake hakuachwa mbali. Aliendelea kumbebea pembe, kumsalimia siku ya Ijumaa na kukaa katika nyumba aliyoonyeshwa, na tofauti ni kwamba sasa alifanya hayo kwa hiari.

Mwaka wa mwisho Sumaili alikwenda Ujiji na msafara wa Assumani. Msafara ukarudi, yeye hakurudi. Wenzake walisema amebaki Ujiji kununua nguo.

Sheria ilikuwa upande wa Amisa, alimradi hakuna aliyejua kitu. Mke wa mtu aliyepotea safarini ni mke wa mtu: haposwi, haozwi, haondolewi nyumbani, mpaka mauti ya mumewe yathibitike kwa watu wawili waaminifu. Binti yake pia anabaki binti wa mtu, na ndoa yake inamngoja baba. Ndiyo maana Bwana Assumani alikuwa akipita kila Ijumaa, anaegemea mlango na kuuliza kwa upole, "Amisa, habari za Sumaili?"

"Iko safari, bwana."

"Mungu amurudishe."

"Amina, bwana."

Assumani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye pengo la kuziba. Huko Kabambare nyampara wake, Alimasi, mkuu wa wapagazi wake wote wa njia ile, alikuwa amefiwa na mke kwa ndui, na tajiri mwingine alikuwa ameanza kumtumia salamu na ahadi ya mke mpya. Nyampara asiye na mke huhama, na akihama huhama na wapagazi. Assumani aliwatazama wanawake aliowaacha huru mwenyewe, ambao yeye kwa sheria ndiye walii wao, mwenye kuwaoza, na jicho lake likasimama kwa Amisa: hodari wa shamba, mpishi mzuri, mwenye ulimi mfupi. Kulikuwa na kizuizi kimoja tu, nacho kilikuwa Ujiji kinanunua nguo.

Yote haya Amisa aliyajua. Aliyekuwa hayajui ni mtu mwenye akili kuliko wote nyumbani mwake, binti yake Faida.

Faida alikuwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Aliyekuwa akiweka hesabu alikuwa safari. Wazee wa mji ule humwogopa mtoto anayeota meno ya juu kwanza, humwita kigego na kumtafutia dawa. Mtoto anayeota akili kwanza hawana jina lake, kwa hiyo Faida aliachwa akakua. Chuoni, Mwalimu Faradji alimsomea ukurasa mara moja, na Faida akaurudisha kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima, bila doa. Mwalimu alikuwa mzee mwenye macho mabovu na moyo mwepesi wa kufurahi. Miaka yote alikuwa amefundisha watoto waliosinzia juu ya mbao zao, na sasa Mungu alikuwa amemletea huyu. Alimpa vitabu vya sheria ambavyo hakuwahi kumpa mtoto, sembuse wa kike. Jioni, Sumaili alipokuwa hai, alipenda kula huku binti yake anasoma. Siku zile, kabla Mwalimu hajaanza kumfasiria, si yeye wala binti aliyejua Kiarabu kilisema nini. Sumaili alitikisa kichwa kwa kuridhika, mara nyingi mahali palipozungumziwa moto wa Jahanamu.

Kwamba baba amekufa, Faida aligundua mwenyewe. Wenzake wa safari, Amuri na Ramazani, walipomwona njiani walivuka upande wa pili, au walimwita wakampa karanga. Watu wazima hawampi mtoto karanga bila sababu. Tena watoto wengine waliulizwa na kila mpita njia, baba yako anarudi lini? Yeye hakuulizwa na mtu. Mwisho, siku moja moto ulizimika jikoni. Mama yake alikuwa amemkataza kwenda kuomba moto kwa Amuri, ingawa ndiye jirani wa karibu, na Faida alidhani wamegombana. Mvua ilikuwa inakuja, akaenda kwa Amuri. Jikoni mle aliikuta sufuria ya baba yake, ile ya shaba yenye bonyeo ubavuni, imekaa juu ya mafiga inachemsha maharage ya watu.

Alirudi na kijinga cha moto mkononi, kichwani mambo yamekwisha kupangwa.

"Mama, baba amekufa."

Amisa alikuwa anapepeta mchele. Mikono haikusimama.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mutu. Ndiyo maana najua."

"Kama hakuna aliyekuambia, basi hakuna aliyekufa. Lete kawa."

"Lakini mama, hakuswaliwa! Mwalimu anasema..."

"Faida." Amisa aliuweka ungo chini. "Baba yako iko safari. Safari ikiwa ndefu, iko ndefu. Mutu anaweza kujua neno na akaendelea kupika."

Faida alilisikia neno hilo na hakulipokea. Aliona tu kwamba huzuni imemfanya mama yake mzito wa kufikiri, akamhurumia, kwa huruma ile ya watoto wenye akili ambayo haina upole ndani yake. Yeye alikuwa na jambo la kumkera zaidi. Katika kitabu cha Mwalimu ilikuwa imeandikwa kwamba Mwislamu akifa, sala yake ni faradhi juu ya wote: wakisimama wachache, waliobaki wamesalimika, asiposimama yeyote, wote wana dhambi. Hata aliyekufa mbali anaweza kuswaliwa kwa mbali, mradi kifo chake kijulikane. Faida aliutazama mji, Assumani na baraza yake, wauza chumvi, wachota maji, akaona kwamba wote wana dhambi kwa sababu ya baba yake na hawana habari. Baba alikuwa amelala mahali fulani bila neno hata moja juu yake, yeye aliyependa maneno kiasi kile. Kisichokuwepo kilikuwa ni ushahidi tu.

Alimwomba Mwalimu awaite Amuri na Ramazani barazani kwake. Mwalimu alifurahi, alipenda kuona akili ikifanya kazi. Kwa kuwa msafara ulikuwa wa Assumani, Assumani akaalikwa, akaja na birika la kahawa na uso wa mtu asiyetaka kuonekana ana haraka. Amisa alikuwa shambani. Hakuna aliyefikiri kumwita.

Amuri alianza kwa mzaha, kama kawaida yake. "Sumaili? Sumaili iko muzima kutushinda sisi wote! Amenenepa. Nyumba aliyofikia Ujiji wamepanua mulango."

Watu wakacheka. Faida alingoja wamalize.

"Baba mudogo Amuri, safarini mulikula sufuria moja na baba?"

"Sufuria moja. Watu watano."

"Aliibeba nani?"

"Yeye mwenyewe. Ilikuwa yake. Alikuwa analala nayo kama muke, hata kuiosha hakuachia mutu."

Kicheko tena.

"Mulipovuka muto Luama, aliibeba yeye?"

"Yeye."

"Na mulipofika ziwani?"

Amuri alikunywa kahawa ambayo ilikuwa bado ya moto. "Pale... niliibeba mimi. Alichoka."

"Na Ujiji mulimwachia?"

Hakuna aliyecheka.

"Juzi ilikuwa jikoni kwako, ina maharage," Faida alisema. "Baba asiyemwachia mutu hata kuiosha, alibaki Ujiji akakupa wewe uondoke nayo?"

"Labda alinunua ingine..."

"Amuri, wacha," alisema Ramazani. Alikuwa mtu mkimya, mwenye makovu ya kamba za mizigo mabegani. "Mutoto anajua. Wacha."

Ndipo Ramazani akasema. Ndui ilimshika Sumaili kabla ya kufika ziwani. Kiongozi wa msafara alikataza asibebwe, asije akawaambukiza wengine, na kwa hilo usingeweza kumlaumu sana. Walimjengea kibanda cha majani, wakamwachia moto na kibuyu cha maji, wakaenda. Kambi iliyofuata Ramazani hakupata usingizi. Alfajiri alirudi, na Amuri akamfuata. Walimkuta amekufa, moto bado una makaa. Kwa aibu ya kumwacha, msafara wote ukaafikiana kusema amebaki Ujiji.

"Mulimwosha?" aliuliza Mwalimu.

"Ndui, Mwalimu. Amuri alisimama mbali, aliona. Mimi nilichimba na panga."

"Mulimswalia?"

Ramazani alitazama viganja vyake. "Nilitaka. Maneno yake siyajui. Nilisema bismillahi, nikasema jina lake, nikasema tena bismillahi."

Mwalimu Faradji alifuta macho yake mabovu. "Wawili," alisema. "Wameona kwa macho. Imethibiti."

Kwa kitambo kidogo, na hili hakumwambia mtu maisha yake yote, Faida alifurahi. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake.

Ijumaa ile walimswalia Sumaili kwa mbali, safu tano za watu, na Faida alisikiliza nje ya ukuta. Sala ya maiti haina rukuu wala sijida. Inakwisha kabla msikilizaji hajaanza kulia. Dhambi ilikuwa imeondoka juu ya mji. Bwana Assumani alilia machozi ya kweli, maana alikuwa amemlea Sumaili tangu utotoni. Jioni hiyo hiyo, macho yakiwa bado mekundu, alimtumia Amisa kaniki mpya ya kukalia eda.

Amisa alikuwa ameketi mkekani, kaniki imekunjwa mapajani. Alikuwa amepakua sahani mbili.

"Wamesema uliuliza vizuri," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Habari ya sufuria. Ulifikiria mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mimi niliiona mwezi ule waliorudi," Amisa alisema. "Ndiyo sababu nilikukataza jiko la Amuri. Nilikwenda shambani, nikamulilia baba yako kwa luga ya kwetu, siku nzima, mpaka ndege wakazoea. Nikamaliza. Nikarudi, nikamupakulia." Aliikunjua kaniki, akaitazama upana wake. "Mutu aliyekufa hana nyumba, Faida. Mutu wa safari iko nayo. Muke wake pia iko nayo. Sasa Assumani atahesabu mwezi, na eda ikiisha atakuja na jina la Alimasi. Si atakuja?"

Faida aliziona hatua zote kwa mara moja, moja inashika mkono wa nyingine mpaka Kabambare. Alizijua sheria zote hizo. Alikuwa amezisoma kwa sauti nzuri.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ungeweza kunyamaza?"

Faida alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofundishwa.

"Hapana."

"Basi. Kula."

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na Amisa aliikaa ndani ya kivuli cha nyumba yake akishona vikapu, mtulivu kama mtu anayengojea mvua ambayo tayari inasikika. Alikuwa amebakiwa na tumaini moja, na lilikuwa la kisheria. Faida alikuwa bado mtoto. Yatima asiyebaleghe haozwi na yeyote, kwa kuwa anayeweza kumwoza ni baba au babu, na wote hao walikuwa chini ya udongo. Amisa alikuwa amepanga kukataa. Mjane hulazimika kutamka kwa kinywa chake kwamba anaridhika, na yeye asingetamka. Assumani angekasirika, angemnyang'anya shamba, lakini wangebaki wawili.

Mwezi wa mwisho wa eda, Faida alivunja ungo.

"Usimwambie mutu," mama yake alisema, akampa vitambaa na kumwonyesha namna. "Kesho unakwenda chuoni kama jana. Unashika kitabu, unasoma."

"Mama, siwezi."

"Tumbo linauma?"

"Haliumi. Siwezi kushika musahafu. Nikiwa hivi ni haramu."

"Mungu anaona mambo yetu, Faida. Atasamehe siku chache."

"Imeandikwa," Faida alisema, analia. Kwa yote yaliyompata, alikuwa bado hajajifunza kwamba kilichoandikwa kinaweza kungojewa kipite.

Siku ile Amisa alimpiga kofi, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, halafu akamshika kichwa akakikandamiza kifuani. Faida hakwenda chuoni. Mwalimu Faradji, ambaye hakuwahi kumkosa siku moja, aliuliza watoto kama anaumwa. Wakasema walimwona mtoni anafua, mzima. Alipopata wiki hajaonekana, kisha akarudi ameoga na amevaa ushungi wa mama yake, Mwalimu alielewa, akafurahi. Mwanafunzi wake amekuwa mtu mzima, na ameishika sheria bila kukumbushwa. Alikwenda kumpa Assumani habari hiyo kama mtu anayepeleka malimbuko ya shamba.

Eda ilipokwisha, Assumani alikuja, akakaa kwenye kigoda, akaongea kwa upole uliomchosha yeye mwenyewe.

"Amisa, sikulazimishi. Sheria hainipi. Alimasi anataka muke. Ukikataa wewe, nitamwuliza mutoto. Yeye ni mwari. Mwari akinyamaza, kimya chake kinatosha."

"Mutoto huyu hajui kunyamaza, bwana."

"Atafundishwa."

Faida alikuwa nyuma ya kiambaza na alisikia yote, hata kuku.

"Nitakwenda mimi," Amisa alisema. "Mutoto abaki kwa Mwalimu, asome."

"Iko neno zuri," alisema Assumani, na alimaanisha.

Baadaye Amisa alimweleza binti yake, kwa sauti ya mtu anayeonyesha njia ya mkato. "Mwanaume akiingia kwa mama, binti ni haramu yake milele. Au siyo? Wewe ndiye musomaji."

"Ndiyo," alisema Faida.

"Basi Alimasi hakupati tena, hata akitaka."

Amisa alikuwa hajui herufi hata moja.

Aliondoka na msafara wa Kabambare asubuhi ya umande, mzigo kichwani, nyuma ya wapagazi. Penye kijito alisimama akasema mpunga wa bondeni uvunwe mapema, ndege mwaka huu ni wengi. Faida alingoja neno jingine. Hakukuwa na neno jingine.

Nyumba iligawanywa kwa haki: nusu ya Faida kwa sheria, na yote ya Assumani kwa utunzaji. Faida alihamia uani kwa wake wa Assumani, akalala chumba cha wajakazi, akaendelea kusoma. Mwanzoni habari zilikuja kila msafara. Amisa mzima. Amisa ana mimba. Amisa anasalimia. Halafu Kabambare ikapata ndui tena, na mpagazi mmoja aliyetoka huko alimwona Faida kisimani, akasimama, akatia mkono mfukoni mwa shuka yake na kumpa karanga. Faida alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Hakuuliza. Alizila zote pale pale, moja moja, na kurudi na maji.

Sifa yake ilikuwa imeenea. Mji uliojaa watu wa safari ulikuwa umegundua kwamba kuna msichana anayeweza kumtoa mtu safarini na kumtia kaburini kwa maswali machache, na mabwana kadhaa walikuwa na mapengo ya kuziba. Wa kwanza kuja alikuwa bwana mmoja wa mtaa wa juu. Mtu wake alikwenda kaskazini kutafuta pembe, miaka miwili, hajaonekana. Mke wa mtu huyo, jina lake Subira, yuko hivi hivi. Kulikuwa na watu wawili waliosafiri na marehemu, kama ni marehemu, na kesho watakwenda zao mashariki. Mwalimu Faradji alimwita Faida.

Kwenye swali la pili Faida alijua mtu huyo amekufa. Swali la tatu lingewamaliza wale wawili. Alimtazama bwana wa mtaa wa juu, tasbihi yake na subira yake, akafikiri juu ya mwanamke aliyeketi nyuma ya mkeka, ambaye hakumwona uso.

"Mbuzi muliyechinja kule," alisema, "alikuwa rangi gani?"

Watu wale walitazamana. "Mweusi," mmoja alisema.

"Mweusi wote, au na madoa?"

Aliwauliza habari za mbuzi, za mvua, za bei ya chumvi. Wale wawili walipumua, wakajibu vizuri, wakaruhusiwa. Mwalimu alisema haikuthibiti. Wakati wa kukunja mkeka alimwambia bwana wa mtaa wa juu, kwa huzuni ya kweli, kwamba akili ya msichana ni kitu cha msimu, akishakua inamwacha. Faida alisikia, akaona ni maneno ya kumfaa. Kwa mara ya kwanza tangu kijitoni, kifua chake kilikuwa chepesi. Mke mmoja angebaki nyumbani kwake.

Mke huyo alikuwa anamngoja nyuma ya migomba.

"We mutoto. Njoo hapa. Ndiyo wewe mwenye akili?"

"Walikuwa wanasema, dada."

"Mume wangu amekufa miaka miwili, umeuliza mbuzi!"

"Nilitaka wasikuondoe nyumbani."

"Nyumba gani? Ile inavuja? Ile ninalala na sufuria tatu kitandani za kukinga maji?" Subira alikuwa mwanamke mfupi, bado kijana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. "Iko mwanaume ng'ambo pale, Muzimba kwa kabila, analima mihogo. Hana bwana. Hana bunduki. Ananitaka. Mimi ndiye niliyemwendea bwana kwa magoti, mwaka mzima, amwambie Mwalimu akuite wewe. Mimi! Nani alikuambia mimi nataka kungoja?"

Faida alitafuta jibu katika yote aliyosoma.

"Hakuna," alisema.

"Na wewe hukuuliza."

"Sikuuliza."

Alirudi mbio kwa Mwalimu. Alisema alikuwa amefanya makusudi, awaite tena wale watu, swali lenyewe analo. Mwalimu Faradji alimtazama kwa huruma nyingi, akampapasa ushungi, akamwambia akapumzike. Alikimbia mpaka kambini kwa wapagazi. Wale wawili walikuwa wameona heri wasingoje kesho; walikuwa wametangulia njia ya Kabambare tangu adhuhuri. Hawakurudi. Mwaka uliofuata wazungu na askari wao walifika Kasongo kwa vita, njia ya mashariki ikafungwa, na baada ya hapo hakuna aliyehangaika kuthibitisha kifo cha mtu mmoja mmoja. Muzimba wa mihogo alingoja mavuno mawili, akaoa kwao. Subira alibaki mke wa mtu wa safari mpaka nywele zikawa nyeupe.

Siku ile, lakini, Faida alirudi nyuma ya migomba kumweleza. Subira alikuwa mbele ya kinu chake, anatwanga. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimama. Faida hakusema samahani. Neno lilikuwa dogo na wote wawili walikuwa wameliona hivyo.

"Unalala kwa Assumani?" Subira aliuliza.

"Ndiyo."

"Wanakupa kazi saa hizi?"

"Mpaka magharibi hapana."

Subira alifuta jasho kwa mkono, akausukuma mchi wa pili kwa mguu. "Akili yako haikunifaa. Mikono iko nayo?"

Faida alifunga ushungi kiunoni, akauchukua mchi. Walitwanga kwa zamu, mmoja akishusha mwingine akiinua, mpaka mpunga wa siku ile ukaisha.